Gari linateleza kwenye mvua

SWALI: Mvua ikinyesha gari langu huteleza kwenye kona, ingawa matairi yana kashata za kutosha. Rafiki amenishauri nipunguze upepo ili yashike barabara. Ni sawa?

JIBU: Usipunguze hata paundi moja. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea katikati, mifereji yake ikabanana, na maji yakikosa pa kutokea huliinua juu ya lami. Hapo usukani na breki havina kazi. Jaza kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, si namba ya ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo cha juu. Pima kabla ya kuendesha, kwa sababu tairi la moto husoma juu. Ukilitoa upepo, likipoa litakuwa pungufu.

Kashata zako zina kina cha milimita ngapi? Sheria za nchi nyingi huruhusu hadi 1.6, lakini kwa barabara yenye maji badilisha zikifika 3. Kisha tazama tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo umeshakuwa mgumu, na kashata hazitausaidia kushika lami iliyolowa. Tunashuku tatizo lako liko hapa.

Ukinunua matairi mapya mawili tu, yafunge nyuma, hata kama gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Vinginevyo ni rahisi mkia kukuponyoka kwenye kona.