Je, kumuigiza khatibu katika kichekesho ni kukufuru?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, natengeneza vichekesho vya video fupi, na ndivyo vinavyomlisha mama. Nilivaa kanzu na kilemba nikaigiza khatibu anayeanza na habari za kaburi, kufumba na kufumbua keshafika kwenye mchango wa zulia. Kisha nikamuigiza muadhini wa mtaani kwetu, mwenye kigugumizi. Ustadhi mmoja amesema nimeritadi, akanisomea aya ya Surat Tawba. Ami yangu haitikii tena salamu yangu. Je, nimetoka katika Uislamu?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Hujatoka, mwanangu.

Aya aliyokusomea (Tawba 65-66) ilishuka katika safari ya Tabuk, kwa watu waliomfanyia maskhara Mwenyezi Mungu, Aya Zake na Mtume Wake. Waliwaita Masahaba wasomaji wa Qur'ani walafi na waoga, na shabaha yao ilikuwa dini waliyoibeba. Wewe umemcheka khatibu kwa lipi? Kwa zulia. Tangu lini zulia likawa nguzo ya sita? Mtu akiguswa kanzu yake akapiga kelele kuwa imeguswa dini, amejipandisha daraja asiyopewa. Na huyo ustadhi anayekufurisha kwa wepesi hivyo, Hadithi ya Bukhari na Muslim haikumpitia? Amwitaye nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao.

Tena kwa kipimo chake tungewakufurisha wangapi! Mwandishi Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, katika kisa cha kwanza cha kitabu chake Maqama amemchora mtu akiwaliza watu wa San'a kwa mawaidha na kukusanya fedha zao. Msimulizi anamfuata hadi pangoni, anamkuta na mkate mweupe, mwanambuzi wa kuchoma na mtungi wa kileo. Kitabu hicho wanazuoni walikihifadhi na kukisherehesha karne kwa karne. Na Abunuwasi, ambaye bibi zetu walitusimulia visa vyake huku tasbihi iko mkononi, ni kadhi gani aliyemwacha salama? Mtume (S.A.W.) mwenyewe alimwamuru Hassan bin Thabit awakejeli Makureshi kwa mashairi, akamwambia Jibrili yuko pamoja naye.

Ama muadhini, hapo sikutetei. Khatibu wako hana jina, ni tabia tu, na mwenye nayo atajijua. Muadhini anajulikana, na kigugumizi hakukichagua. Imam Ghazali katika kitabu chake Ihyaa ameeleza kuwa stihizai ni kuonyesha aibu ya mtu ili achekwe, iwe kwa maneno, kwa ishara au kwa kumuiga, na ni haramu inapomuumiza. Bibi Aisha (R.A.) aliwahi kumuigiza mtu mbele ya Mtume, naye akasema hapendi kumuiga mtu hata apewe kadha wa kadha. Wewe hiyo kadha wa kadha umeipata, ukanunulia unga. Najua mama hali hukumu, anakula unga. Lakini mlango wa khatibu wa zulia uko wazi, na bado kuna mganga wa uongo, mpangisha nyumba na mgombea wa kura.

Hukumu ndiyo hiyo, wallahu aalam. Yaliyobaki ni nasaha ya mzee.

Ami yako msalimie kila siku, hata asipoitikia. Ile video ya pili ifute leo, kisha umwendee muadhini baada ya Alasiri, watu wakishatawanyika. Simu iache nyumbani. Muombe radhi, na akianza kukujibu, usimmalizie neno.