Anko Nijibu: Udongo unaonuka dizeli kwenye kiwanja chetu, tuupeleke wapi?

SWALI: Shikamoo Anko. Tumenunua kiwanja huku Mikindani, zamani palikuwa gereji ya malori. Mafundi wanachimba msingi, kufika kama mita moja wakakuta udongo mweusi unanuka dizeli na oili chafu. Fundi anasema tuutoe wote, na kuna mtu wa tipa yuko tayari kuubeba bure maana ana sehemu anajaza kifusi. Baba watoto anasema tumpe tumalize, mimi roho inasita. Tufanyeje?
Mama Msingi, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa tipa usimpe hata koleo moja. Kifusi chake kinaenda kujaza uwanja wa nyumba ya mtu, pengine na kisima kipo hapo hapo pembeni, na siku watu wakianza kuuliza ule udongo ulitoka wapi watakuja kwako. Kuchimba ni kazi rahisi, kijiko cha kukodi nusu siku kimemaliza. Shida yote ipo kwenye unakoupeleka, na hilo ujue KABLA hujachimba siyo tipa imeshajaa ndo unaanza kupiga simu.

Kwa hiyo msingi simamisha kwanza. Nenda kwa afisa mazingira wa manispaa, halafu NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na sampuli zipimwe maabara, Ofisi ya Mkemia Mkuu itakuelekeza. Pua usiitegemee, ukikaa nusu saa pale inazoea husikii tena harufu, na risasi, yale madini yenye sumu siyo ya bunduki, iliyomo kwenye oili chafu au betri za zamani hainuki kabisa. Na aliyewauzia mwambieni pia, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mchafuzi ndiye alipe, japo kuipata gereji iliyoshahama, mh, hiyo kesi nyingine.

Sasa hesabu, maana hapa ndo watu wanashtuka. Shimo la mita 3 kwa 4 kwenda chini mita 2 ni mita za ujazo 24. Udongo ukichimbwa unavimba, unakuwa karibu 30, yaani tripu tatu za tipa la mita kumi, na uzito wake unakaribia tani 40. Ndo maana nasema udongo safi wa juu uchimbwe peke yake uwekwe pembeni, ule mweusi peke yake juu ya turubai nzito na ufunikwe, ukivichanganya umejiongezea mzigo wa kulipia. Na wale wanaosema changanya na mchanga harufu ipungue, hujasafisha kitu hapo, umeongeza uchafu. Kazi ifanyike kiangazi, huku kwetu mvua ikianza Novemba au Disemba hiyo mpaka Aprili, na rundo lisilofunikwa linatiririka mpaka kwenye mikoko.

Usalama jamani. Mchanga wetu wa pwani haushiki, shimo likipita mita moja na nusu kuta zikatwe mteremko la sivyo linamfukia mtu. Kama palikuwa na petroli, mvuke wake ni mzito kuliko hewa unakaa chini shimoni, sigara moja tu inatosha. Mkikuta maji yana mafuta yanaelea juu, msiyapampu kwenye mtaro.

Shimo nalo msilifukie kwa sababu jicho linaona pamekuwa peupe. Chukueni sampuli za ukutani na za chini, majibu yakirudi safi ndo mfukie, yakirudi machafu kijiko kinarudi kazini.

Sasa unaenda wapi? Dampo la taka za nyumbani siyo mahali pake. Anayebeba awe na kibali cha taka hatari, na kila tripu iwe na karatasi inayoonyesha imetoka wapi na nani kaipokea, nakala ubaki nayo wewe. Najua utaniambia Mtwara si tuna kiwanda cha saruji, na kweli kuna nchi wanachoma udongo wa mafuta kwenye tanuru za saruji, joto mle linafika nyuzi 1,450, ila huendi getini na tipa lako, lazima kiwanda kiwe na kibali na mzigo upimwe. Kama ni dizeli tupu na nafasi ipo, waombe NEMC muutibu hapo hapo: unatandazwa juu ya sakafu isiyovuja, kina kama sentimita 30, unapewa samadi na maji kidogo, unageuzwa mara kwa mara, bakteria wanayala yale mafuta kwa miezi kadhaa. Risasi hawaili lakini, ndo maana vipimo kwanza.

SWALI: Nyuma ya ghala bovu huku kuna vifuko vya dawa za korosho vimeoza, ardhi haioti hata nyasi. Nichimbe nizike mbali?
Mkulima, Nachingwea

JIBU: Usichimbe kaka. Kama ingekuwa salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, peke yake ningekwambia imetia udongo asidi, weka chokaa, lakini kwenye ghala la zamani huwezi kujua kimechanganyika na nini. Pale Vikuge, Kibaha, banda la viuatilifu vyenye DDT, ile sumu ya zamani ya wadudu, liliporomoka vikaingia ardhini, na DDT inakaa kwenye udongo miaka na miaka. Weka uzio wa miiba, mbuzi na kuku wasipite, maji ya kisima cha jirani yasinywewe mpaka yapimwe, halafu mtaarifu bwana kilimo na NEMC waje wenyewe na mavazi yao.