Barua kwa mwanangu: anza na stika ya pikapu, trela lifuate

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata na picha zote nimeziangalia, za lile trela la futi 38 lenye meko ya umeme sebuleni, pamoja na ile ya stika ya mlangoni mwa pikapu yenu. Umeniuliza kama mlinunue mhamie humo moja kwa moja, muachane na kuhangaika na nyumba za kupanga kila mkataba wako wa uuguzi wa wiki 13 unapokwisha. Umesema muuzaji amewahakikishia kwamba pikapu "italivuta tu". Wazo la kuishi kwenye trela naliunga mkono kabisa. Lakini trela hilo, kwa pikapu hiyo, msilinunue.

Kuvuta italivuta, hapo muuzaji hajakosea. Kazi ipo kwenye kubeba. Hilo ni trela la aina inayoitwa gurudumu la tano, halifungwi nyuma ya bampa. Kingpini yake, ile pini nene ya chuma ya kufungia, inaingia ndani ya bodi ya pikapu na kukaa juu ya ekseli ya nyuma, ndiyo maana linatulia barabarani kuliko matrela ya kufunga nyuma. Gharama ya utulivu huo ni kwamba asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa trela inakaa mgongoni mwa pikapu. Trela lenu limeandikwa uzito wa juu pauni 14,500. Chukua hata asilimia 20 tu, ni pauni 2,900. Stika yenu inasema watu na mizigo yote kwa pamoja visizidi pauni 2,350. Hapo bado wewe na mumeo hamjapanda, na bado hatujahesabu chuma chenyewe cha kufungia trela, ambacho nacho ni pauni mia na zaidi.

Najua mtaambiwa mtumie uzito mtupu, ule wa trela lilivyotoka kiwandani. Msiukubali. Mtu anayeishi ndani ya trela habebi nguo za wikendi. Anabeba masufuria, vitabu, vifaa, makoti ya baridi, na galoni moja ya maji peke yake ni pauni 8 na ushee. Pigeni hesabu kwa uzito wa juu, kisha siku mkishapakia kila kitu mpitie mizani za CAT kwenye vituo vya malori mkapime ekseli moja moja. Mizani hizo si za malori tu, mtu yeyote anapima. Tangu nikiendesha malori Tanzania, nikipita mizani ya Kibaha kwenda Tunduma, hadi barabara za huku Marekani, nimeona mzigo uliozidi ukisafiri vizuri tu kwenye tambarare. Ni kwenye mteremko mrefu, breki zimepata moto, ndipo unapojua.

Kwa hiyo mna njia mbili. Mkibaki na pikapu hii, trela lililojaa kila kitu lisizidi pauni 8,000 hivi, na kwa watu wawili wanaoishi humo mwaka mzima litawabana. Mimi nashauri mbadilishe pikapu kwanza, mchukue ya daraja la 3500, zile za kubeba mizigo mizito, halafu mtafute trela la futi 30 hadi 33 lenye uzito wa juu wa pauni 12,000 hivi. Na hiyo pikapu mpya nayo someni stika yake kabla ya kusaini, kwa sababu pikapu mbili za daraja moja zinaweza kupishana sana kwa uwezo wa kubeba. Futi 33 zitawapa pia nafasi nyingi zaidi za kuegesha, maana kambi nyingi za zamani hazina uwanja wa trela refu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo picha haziwezi kukuonyesha. Wewe unafanya kazi usiku na kulala mchana. Mkienda kuangalia trela, nendeni saa sita mchana jua likiwa kali. Mwombeni muuzaji aliunganishe umeme, wewe panda chumbani, funga mapazia, washa kiyoyozi, ulale kitandani hata robo saa. Mumeo atembee jikoni, afungue maji, aongee na simu kama anavyofanya kwenye mikutano yake ya kazi. Ukisikia kila neno, hapo hutalala. Tafuteni lenye chumba kidogo cha katikati atakachofanya ofisi, mbali na kitanda chako. Viyoyozi viwe viwili, maana mkataba wa Phoenix mwezi wa saba hauna mchezo, na viyoyozi viwili vinataka umeme wa ampea 50, siyo 30.

Kisha mwambieni arudishe ndani zile sehemu za pembeni zinazotoka nje. Zikiwa zimefungwa, je, choo kinafikika? Friji inafunguka? Mtakuwa mnasimama njiani, mtahitaji vyote viwili.

Kama ni la mkono wa pili, adui mkubwa ni maji. Bonyeza pembe za chini ya madirisha kwa kidole, kanyaga sakafu karibu na mlango na choo, fungua makabati ya juu unuse. Ukuta wa nje ukiwa na malengelenge, ondokeni hapo hapo. Kwenye matairi tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela linazeeka hata kama kashata zake bado nzima.

Soma waranti yote, na bima pia. Waranti nyingi za viwandani zinasema wazi kwamba trela si la makazi ya kudumu. Bima inabidi iwe ya watu wanaoishi humo moja kwa moja.

La kodi ndilo linalonikosesha raha zaidi. Posho zako za nyumba na chakula hazikatwi kodi kwa sababu una makazi unayoyalipia kwingine huku ukifanya kazi mbali nayo. Mkiachia nyumba mkaishi kwenye trela tu, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaweza kusema huna makazi ya kikodi, na posho zote zikageuka mshahara. Chumba chako hapa kwetu kipo, na mama yako hajakigusa, lakini mbele ya IRS hakikusaidii kitu kama hukilipii kodi ya pango ya kweli. Muone mhasibu anayewajua wauguzi wa kusafiri kabla hujatoa notisi ya nyumba. Na leseni yako ya uuguzi ya majimbo mengi inafuata jimbo unaloishi, kwa hiyo msihamishe anwani kiholela. California haimo kwenye mpango huo wa leseni moja kwa majimbo mengi, ukienda kule unaomba leseni yao.

Mumeo mwambie apime urefu wa trela kwenda juu akishalifunga, auandike kwenye karatasi, aibandike mbele ya usukani. Daraja la reli la Durham, North Carolina, waliliinua mwaka 2019 na bado ni futi 12 na inchi 4 tu. Matrela mengi ya aina hii yanapita futi 12 na nusu.

Amana msitoe wiki hii. Mkipata pikapu nyingine nitumie picha ya stika yake, nami nitapiga hesabu upya na wewe kwenye simu. Nikiwa na mapumziko nitakuja twende wote kuangalia trela, nitapanda juu ya paa mwenyewe.

Mama yako anawasalimu sana. Nisalimie mkwe wangu.

Baba yako