Mwandishi Ajue Mahindi Kwanza

Mhariri, wiki hii mmetuuliza hivi: kijana wa Uganda anayetaka kuishi kwa kuandikia vyombo vya habari ajifunze nini, na ajipange vipi? Naamini mtapokea majibu mengi ya kusema kipaji, na mengi zaidi ya kusema digrii. Mimi nawaandikia kutoka Busia, upande wa Uganda. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipeleka habari Kampala kwa Kiingereza na redioni kwa Kiswahili, nikilipwa kwa kila habari inayotoka. Jibu langu ni kwamba kijana ajifunze mahindi.

Si lazima yawe mahindi. Aliyezaliwa Hoima ana mafuta ya Ziwa Albert, wa Yumbe ana makazi ya wakimbizi ya Bidibidi, wa Jinja ana samaki na mabwawa ya umeme. Kuandika sentensi safi wanajua wengi. Makerere, Chuo Kikuu cha Kikristo kule Mukono na vyuo vingine chungu nzima hutoa kila mwaka vijana wanaoandika vizuri kuliko mimi. Wengi wao wanatoka na kalamu kali na hawana cha kuiandikia. Mhariri wa Kampala hakosi mtu wa kumletea alichosema waziri. Siku hizi hata hotuba ya waziri inamfikia kwenye simu kabla waziri hajaketi. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kama hayo ya waziri yana ukweli.

Chukueni mfano wa Machi 2021. Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakasimama hapa kwetu na Malaba. Habari ya siku ya kwanza iliandikwa na kila mwenye simu: malori yamekwama, madereva wanalalamika, wafanyabiashara wanaomba serikali iingilie kati. Baada ya siku chache Kenya ikalegeza, ikaweka masharti: waagizaji wasajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Wapiga picha wakarudi Kampala. Habari yenyewe ndipo ilipoanza, na waliobaki nayo tulikuwa wachache.

Kuiandika ilitaka ujue mambo ambayo hayafundishwi kwenye darasa la uandishi. Ujue kwamba sumukuvu inatengenezwa na kuvu linaloota kwenye nafaka yenye unyevu, kwamba kupika hakuiondoi, na kwamba inaharibu ini polepole. Ujue kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Na ujue jambo ambalo mkulima yeyote wa hapa angekueleza ukimpa nafasi: anauza kwa kilo, maji nayo yana uzito, na mnunuzi anayefuata mahindi shambani mara nyingi humlipa bei ileile, yawe makavu au mabichi. Akianika wiki nzima, anapunguza kilo zake mwenyewe. Sasa akaushe kwa faida ya nani?

Kwenye ghala moja karibu na stendi nilimkuta mama mfanyabiashara akitia bambo, kile chuma cha kuchotea punje, kwenye gunia. Punje zikateremka kiganjani, akatupa moja mdomoni, akaing'ata. Ikalia.

"Haya yamekauka," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Si umesikia yanalia, mwanangu? Mabichi hayalii."

Meno yake yana uzoefu, na kwa unyevu sikuwa na sababu ya kuyabishia. Lakini sumukuvu haina mlio wala ladha. Gunia linaweza kupita kwenye meno ya mama na kukataliwa maabara, kwa sababu kuvu liliota zamani, kabla mahindi hayajakauka. Makala niliyoandika ilisimama hapo, kati ya meno ya mama na cheti cha maabara, na mhariri aliichukua bila maswali mengi. Haikuwa na waziri hata mmoja.

Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ni kujua jambo. Wa pili, ambao waandishi wengi tunaukimbia, ni hesabu. Simaanishi hesabu za chuo kikuu. Namaanisha kujua kwamba kutoka asilimia 10 hadi 15 si ongezeko la asilimia 5, na kwamba bajeti ya wilaya "iliyopanda" huenda imeshuka ukiigawanya kwa idadi ya watu. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hufika Bungeni kila mwaka, na ndani yake mna habari za kumtosha mwandishi wa mkoani mwaka mzima: shule iliyolipiwa haipo, zahanati ina jengo lakini haina dawa. Wanaoifungua ni wachache kwa sababu ni nene na imejaa majedwali. Mwenye subira na kikokotoo anafungua ukurasa wa wilaya yake, anapanda boda, anakwenda kuangalia hiyo zahanati kwa macho yake.

Wa tatu ni kuuliza vizuri. Swali langu kubwa kwa mtu yeyote ni fupi: umeona mwenyewe au umeambiwa? Linaudhi, lakini linapunguza nusu ya uongo. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kwangu aliniletea sentensi hii: "Mahindi mengi yamerudishwa mpakani na wafanyabiashara wamepata hasara kubwa." Nikamrudisha. Mengi ni malori mangapi? Yamerudishwa na nani, na kwa karatasi gani? Nani amekuambia ni hasara, na alinunua kilo kwa bei gani? Alirudi jioni amekasirika, mkononi ana nakala ya barua ya kukataa mzigo na jina la mwenye lori, lililoandikwa na mwenyewe kwenye daftari ili lisikosewe herufi. Sentensi yake mpya ilikuwa fupi kuliko ya kwanza, na ndiyo iliyotoka.

Mkikwama kwa wakubwa, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005. Raia anaandika ombi, na ofisi ya umma inapaswa kumjibu ndani ya siku 21. Ofisi nyingi husubiri usahau. Usisahau. Peleka barua mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi, uiweke. Ofisa akiona muhuri wake kwenye karatasi yako, hata salamu yake inabadilika.

Kuhusu digrii, siwezi kumwambia kijana aipuuze, maana Sheria ya Magazeti na Waandishi wa Habari ya 1995 imeifanya kuwa sharti la kusajiliwa kama mwandishi kamili. Nawajua waliosomea kilimo, uchumi au sheria kwanza, kisha wakaongeza mafunzo ya uandishi, na hao ndio ninaowaonea wivu. Wameingia na jambo mkononi. Kwa mafunzo mafupi kuna kituo cha ACME kule Kampala, ambacho pia huandaa tuzo za kitaifa za uandishi wa habari. Hata kama huna nia ya kushindana, soma kazi zilizoshinda ujue wenzako wanafika wapi.

Ajue pia sheria inayoweza kumfunga, na iliyowaokoa waliomtangulia. Mwaka 1997 Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la The Monitor walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, baada ya kunukuu jarida la nje lililodai kwamba serikali ya Kabila kule Kongo iliilipa Uganda kwa dhahabu. Walisumbuka mahakamani hadi Februari 2004, Mahakama ya Juu ilipokifuta kifungu hicho cha sheria. Ukikumbana na ofisa anayekutishia kwa "habari za uongo", kujua kesi hiyo kunakupa ujasiri wa kukaa kwenye kiti badala ya kutoka mbio. Hakukupi ruhusa ya kuandika usichoweza kukithibitisha, maana madai ya kuchafua jina yapo palepale.

Sasa lugha, na hapa nitawaudhi baadhi ya wenzangu wa Kampala. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Bado tunakichukulia kama lugha ya kambi za askari na ya kwenye lori. Sijapata kuona gazeti la kila siku la Kiswahili linalochapishwa Kampala. Mtu anaweza kusema basi soko halipo. Waganda waliambiwa hayohayo kuhusu kuandika habari kwa lugha zetu, lakini Bukedde, lililoanza 1994 kwa Kiluganda, kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa magazeti yanayouzwa zaidi nchini. Na soko la Kiswahili lipo, ila haliko Kampala tu: BBC, DW na RFI zote zina idhaa za Kiswahili zinazohitaji sauti kutoka Uganda, na Taifa Leo la Nairobi liko chini ya kampuni ileile inayomiliki Daily Monitor. Habari moja ya mahindi naiandika kwa Kiingereza kwa gazeti, naisimulia kwa Kiswahili redioni, na kila upande una hadhira yake. Lakini kiwe Kiswahili cha kusomeka Mombasa na Dar es Salaam. Chetu cha sokoni, ambacho ngeli zimetupwa njiani, mhariri wa idhaa hatakikubali, na ana haki.

Mmeuliza kujipanga. Jambo gumu zaidi ni kwamba pesa ya kalamu inachelewa. Habari inatoka leo, malipo yanakuja mwezi ujao, au ule mwingine, au baada ya kumpigia mhasibu hadi akaijua namba yako. Chombo kimoja kilinikalia na pesa hadi mhariri aliyeniagiza kazi akahama. Anayeanza bila shughuli nyingine ya kumlisha ataanza kuomba "posho ya usafiri" kwenye kila mkutano na waandishi, na aliyekupa bahasha asubuhi anajua jioni utaandika nini. Sisemi haya kwa kujiona mtakatifu. Nasema kwa sababu mji wetu ni mdogo, na wafanyabiashara wa mpakani wanajua kwa majina nani ananunulika na kwa bei gani. Wanaonunulika hawapewi nyaraka. Wanapewa soda.

Kwa hiyo awe na kazi ya pembeni isiyogongana na anachoandikia. Mimi natafsiri, na naandikia mashirika ripoti, ila si mashirika yanayogusa mahindi. Achukue namba ya mlipakodi mapema, kwa sababu mashirika hayalipi bila hiyo, na ajue kwamba kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1 wengi watakata asilimia 6 ya kodi ya zuio. Adai stakabadhi yake, maana ni pesa anayohesabiwa mwisho wa mwaka.

Awe na kalenda ukutani. Bajeti husomwa Juni. Mavuno ya msimu wa kwanza huanza Juni na Julai, ya pili Novemba kuelekea Januari. Matokeo ya mitihani ya taifa hutoka mwanzoni mwa mwaka. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na redio zote zitatafuta cha kusema. Mambo haya yanajulikana mwaka mzima kabla, ila waandishi wengi huyakimbilia asubuhi ya siku yenyewe. Ukimwandikia mhariri wiki tatu mapema, huna wa kushindana naye.

Na ukimwandikia, mwandikie kifupi. Wahariri hawasomi wasifu wako. Ujumbe wangu wa mahindi ulikuwa karibu hivi: "Kwa nini mkulima wa Busia hana sababu ya kukausha mahindi. Nimezungumza na wakulima, mwenye ghala na mpimaji wa mpakani. Nina picha na barua ya kukataa mzigo. Maneno 700, Alhamisi saa sita." Kisha Alhamisi saa tano na nusu iwe imefika. Kufika kwa wakati kumewapa watu kazi nyingi kuliko ufundi wa maneno, ingawa hakuna mwandishi atakayekubali hivyo mbele ya wenzake.

Mwisho, kuhusu kuhamia Kampala, kwa sababu kila kijana anayenitembelea anauliza hilo kabla ya chai kupoa. Kodi ya chumba iko juu, na waandishi wanaogombania mkutano uleule wa hotelini ni wengi. Aende akiitwa kwa mkataba wa mshahara. Kabla ya hapo akae alipo, ajuane na wapimaji, mawakala wa forodha na kina mama wa ghala. Kijana wangu wa ile sentensi ameshaanza. Kwa sasa anafuatilia mayai.

Msomaji wenu, Busia