Paka kwenye picha za wazee wetu: maswali yenu nayajibu

Mbukwenyi wasomaji. Niliwaomba mfungue masanduku na albamu za nyumbani, mtafute paka waliopo kwenye picha za wazee wetu, kisha mniulize mnachotaka. Barua zimekuja kutoka Dodoma mjini, Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, Kongwa na Chamwino. Naanza na ile iliyonishtua.

Tuna picha ya bibi ameketi mbele ya tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, amempakata paka. Bibi anaonekana vizuri ila paka ana vichwa viwili. Shangazi anasema ni jini, tuichome. Tufanyeje? (Kijana wa Kizota, Dodoma)

Msiichome, nawaomba sana. Huyo ni paka wa kawaida aliyegeuka wakati anapigwa picha.

Kamera za boksi walizokuwa nazo watu wengi enzi hizo zilifungua lenzi polepole ukilinganisha na simu yako, na filamu yake ilihitaji mwanga mwingi. Kwenye kivuli cha ukuta au jioni, mpiga picha aliweza kuiacha lenzi wazi hata sekunde nzima. Bibi aliambiwa atulie, akatulia. Paka haambiwi. Alitazama mbele, akasikia kitu, akageuka, na filamu ikamshika pande zote mbili.

Ipo sababu nyingine, na unaweza kuipima wewe mwenyewe. Kamera nyingi za zamani hazikumzuia mtu kupiga mara mbili bila kuzungusha filamu, kwa hiyo picha mbili zikalaliana. Chukua kioo cha kukuzia, tazama mabega ya bibi na ukingo wa paa la tembe. Kama navyo vina kivuli cha pili, basi filamu haikuzungushwa. Kama ni paka peke yake, aligeuka. Mwonyeshe shangazi hayo kwa heshima, umpe kioo aangalie kwa macho yake. Nadhani atakubali, maana mabega ya bibi yakiwa yametulia, jini atakuwa amechagua paka tu kwa sababu gani?

Mama anasisitiza paka wao alikuwa mwekundu, rangi ya chungwa. Kwenye picha ni mweusi tii. Nani mkweli, mama au picha? (Mwalimu mstaafu, Mpwapwa)

Shikamoo mwalimu. Mama ni mkweli.

Filamu nyingi za mwanzo hazikuuona wekundu. Zilishika bluu na kijani, lakini kitu chekundu kilitoka kimekolea, karibu na weusi. Paka wa rangi ya chungwa akawa mweusi, na kanga nyekundu ikawa kama nguo ya msiba. Filamu zinazoona rangi zote zilikuwepo, ila zile za bei nafuu za kamera za nyumbani zilichelewa kubadilika: Verichrome ya Kodak, iliyotumika sana, ilianza mwaka 1931 na haikuona wekundu hadi toleo jipya lilipotoka mwaka 1956. Kwa hiyo ushahidi wa mama unakupa na makadirio ya umri: inaelekea filamu hiyo ni ya kabla ya miaka ya 1960.

Nakuomba mwalimu, chukua kalamu leo uandike maneno ya mama kuhusu rangi ya yule paka. Picha haina tena njia ya kutuambia. Yeye anayo.

Kwa nini picha zilizopigwa nyumbani zina paka kila kona, lakini za studio hazina hata mmoja? (Msomaji wa Kondoa)

Swali hili nalipenda kuliko yote.

Kwenda studio lilikuwa jambo la gharama na la maandalizi. Watu walitembea hadi mjini, wakavaa walichonacho kizuri, wengine wakaazima saa au viatu, wakasimama mbele ya pazia. Kila mtu alijipanga aonekane vile alivyotaka kukumbukwa. Hakuna aliyembeba paka maili zote hizo, na angembeba, asingekaa.

Nyumbani ni habari nyingine. Huku kwetu katikati ya nchi mvua ni ya msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka. Mtama na uwele unaovunwa ndio wa kula mpaka mavuno mengine, na mvua ikikosekana, ni zaidi ya hapo. Wazee wa Ugogo walikuwa na kumbukumbu ya Mtunya, njaa kubwa iliyokuja mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu aliyesimuliwa Mtunya na mama yake hakuchezea kihenge, ghala la nafaka la nyumbani. Na adui wa kihenge, ukiacha wadudu, ni panya. Ndiyo maana paka alikuwa na nafasi yake ndani ya tembe, pamoja na ndama na mitungi, na hakuna aliyemhesabu kuwa pambo.

Sasa zitazame picha zenu tena. Paka yuko wapi? Yuko juu ya paa bapa la tembe, palipoanikwa nafaka. Yuko kwenye mlango wa ghala. Yuko karibu na kinu, mama anatwanga, pumba zimemwagika na kuku wamekuja. Msomaji mmoja amenitumia picha ya familia nzima imepangwa mistari miwili, wote wanatazama kamera, na nyuma yao kwenye kizingiti paka kawapa mgongo, masikio yameelekea gizani ndani ya nyumba. Anasikiliza panya. Kila mtu kwenye picha ile alijua anapigwa picha isipokuwa yeye, na kwa sababu hiyo yeye ndiye anayenionyesha kilichokuwa kikiendelea siku ile. Ukutani karibu naye kuna kihenge ambacho familia haikukusudia kabisa kukionyesha.

Kwa hiyo mkisafisha nakala mpya, msikubali fundi akate kingo ili “watu waonekane wakubwa”. Anachokata ndicho hicho.

Picha yangu haina tarehe. Paka anaweza kunisaidia kujua mwaka? (Chamwino)

Paka mwenyewe hapana, lakini alichokalia ndiyo. Soma maandishi ya kanga. Tazama debe, kalenda ukutani, beji kwenye shati: TANU ilizaliwa 1954, CCM ikachukua nafasi 1977, na jina Tanzania halikuwepo kabla ya 1964. Karatasi yenye kingo zilizokatwa kama meno ya msumeno mara nyingi ni ya kati ya miaka ya 1930 na 1960. Kama kuna tembe limesimama peke yake porini, ulizia kama ni kabla ya Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, ambapo watu wengi walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Usitegemee kidokezo kimoja. Vikiwa vitatu vinakubaliana, andika “takriban” na muongo.

Paka aliye kwenye picha ya babu ana miguu mirefu na mkia wenye pete. Je, ni kimburu? (Manyoni)

Inawezekana. Kimburu ni paka pori, na paka wa nyumbani asili yake ni paka pori wa jamii hiyo hiyo, na wawili hao huzaana, kwa hiyo pete za mkiani hazitoshi. Alama nzuri ya kimburu ni wekundu nyuma ya masikio, na hiyo picha ya nyeusi na nyeupe haikuonyeshi. Kama amelala mapajani kwa babu, mimi namhesabu wa nyumbani.

Picha zimegandia kwenye albamu ya gundi, na nyingine kwenye kioo cha fremu. Nizibandue? (Dodoma mjini)

Zilizogandia kwenye kioo usiziguse. Ukivuta, uso wa picha utabaki kwenye kioo. Zipige picha kwa simu zikiwa hapo hapo, karibu na dirisha, bila taa ya simu, ukisimama upande ili kioo kisiakisi, kisha uzihifadhi na kioo chake.

Za albamu ya gundi, zile zenye karatasi ya plastiki juu, zitoe mapema kabla gundi haijazila. Pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno nyuma ya picha, taratibu, kutoka kona. Ikikataa, acha, ipige picha. Baadaye ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta. Mchwa wa Dodoma mnawajua. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kwani wino wa kalamu hupenya na kutokea usoni.

Ndugu wananicheka kwa sababu nimeandika jina la paka nyuma ya picha. (Mama, Kongwa)

Wacha wacheke, mama, nawe endelea. Ukimuuliza mzee “hawa ni akina nani?” atakutajia majina mawili akachoka. Muulize paka aliitwa nani, na nani alimleta. Atakwambia alitoka kwa mjomba fulani, mwaka ule panya walipomaliza mbegu, na aliyempa jina ni mtoto aliyefariki ambaye hajatajwa nyumbani siku nyingi. Nimeliona hili likitokea vikaoni mara nyingi. Andika yote, pamoja na jina la aliyekusimulia.

Picha za enzi za Wajerumani za huku kwetu zinapatikana wapi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, ina mkusanyo mkubwa wa picha za makoloni ulio wazi kwenye intaneti bila malipo. Tafuta kwa tahajia za wakati ule: Mpapua kwa Mpwapwa, Kondoa-Irangi, Kilimatinde, Ugogo. Usitegemee kuandika “paka” ukamwona, kwani waliopanga picha waliorodhesha maofisa, reli na nyumba. Zifungue moja moja, uzikuze, uanzie kwenye vizingiti na mapaa.