Kuchora grafu ya mlinganyo wa mstari: usiache nukta ya tatu

Nukta mbili zinatosha kuchora mstari mnyoofu, na hapo ndipo wanaoanza aljebra wanapoponzwa. Rula itapita kwenye nukta zozote mbili, hata kama moja umeikokotoa vibaya, na hutajua. Kwa hiyo tafuta tatu.

Chukua y = 5 − 2x. Ukiweka x = 0, y ni 5. Ukiweka x = 2, y ni 1. Sasa weka x = −3. Wengi huandika 5 − 6 na kupata −1, ilhali −2 mara −3 ni 6 chanya, kwa hiyo y = 5 + 6 = 11. Aliyeweka nukta yake kwenye (−3, −1) ataona imekaa kando kabisa ya mstari wa zile mbili. Hali hiyo ikikutokea, usisogeze rula ili ikaribie zote. Rudi kwenye hesabu, uanze kukagua palipo na namba hasi. Kuiandika ndani ya mabano, yaani 5 − 2(−3), kunaepusha sehemu kubwa ya makosa haya.

Kwa mlinganyo kama 2x + 3y = 12, haraka zaidi ni kutafuta mstari unapokata mihimili. Ukiweka x = 0 unapata (0, 4); ukiweka y = 0 unapata (6, 0). Ya kuhakikisha iwe x = 3, inayotoa y = 2. Kwa nini 3 na si 1? Kwa sababu x = 1 inatoa y = 10/3, na theluthi ni ngumu kuipata kwa jicho kwenye karatasi ya grafu. Njia hii inagoma kwa y = 3x: mihimili yote miwili inakatwa pale pale (0, 0), hivyo nukta nyingine uzitafute kwa kuweka thamani za x.

Ukipenda kutumia mteremko, yaani kiasi ambacho mstari unapanda au kushuka ukienda kulia, kwanza y ibaki peke yake. Katika 2x + 3y = 12, hamisha 2x upate 3y = 12 − 2x, kisha gawanya kila kipande kwa 3: y = 4 − (2/3)x. Anayegawanya 12 peke yake hubaki na y = 4 − 2x, na kosa hili ni gumu kulishtukia kwa sababu mhimili wa y bado unakatwa kwenye 4. Tofauti huonekana mbele, mstari unapokata mhimili wa x kwenye 2 badala ya 6. Mteremko wa −2/3 unasomwa hivi: kutoka (0, 4) nenda 3 kulia, kisha shuka 2. Unafika (3, 2), ile ile tuliyoipata juu.

Hesabu hatua hizo kwa thamani zilizoandikwa kwenye mhimili, si kwa miraba. Kama mraba mmoja wa y umeupa thamani ya 2, kushuka 2 ni mraba mmoja tu. Mihimili miwili inaweza kuwa na vipimo tofauti, ila ndani ya mhimili mmoja nafasi zote zilingane. Mstari nao uuvushe nje ya nukta zako, kwa kuwa haukomei hapo.

Zimebaki x = 4 na y = −2, ambazo huchanganywa mara nyingi. Katika x = 4, nukta zote zina x ya 4, kama (4, 0), (4, 1) na (4, 5), kwa hiyo mstari umesimama wima. Mteremko wake haupo, maana ungelazimika kugawanya kwa sifuri. y = −2 umelala, na mteremko wake ni 0.