Jibu: Pampu ya buluu inasaidia kwa muda tu

Salaam dada wa Kisauni. Umeuliza kwa nini mwanao mwenye pumu akivuta pampu ya buluu anapata nafuu, halafu baada ya saa nne kifua kinabana tena. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya pampu hiyo, hulegeza misuli ya njia za hewa tu, uvimbe wenyewe haiugusi. Uvimbe huo, kwa wengi wenye pumu, unaendeshwa na saitokini, yaani kemikali ambazo seli hutumia kupeana amri: moja, IL-5, huita eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) na kuziweka hai, nyingine, IL-13, huzidisha makohozi. Za kuzinyamazisha saitokini hizo ni dawa za steroidi, ile pampu ya kahawia, ambayo watu huitupa mapema kwa kuwa haileti nafuu papo hapo. Inazima amri ya kuzitengeneza ndani ya seli, kwa hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, kila siku, hata akiwa mzima.

Kwanza tazama anavyovuta. Dawa ikigonga ulimi, mapafu hayapati kitu. Huna spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo? Toboa kitako cha chupa ya plastiki ya mililita 500, tundu libane mdomo wa pampu. Bonyeza mara moja, avute pumzi tano taratibu kupitia mdomo wa chupa, ndipo ubonyeze tena. Kila akimaliza kuvuta ya kahawia asukutue na kutema, ama atapata utando mweupe mdomoni.

Bado vilevile? Mwombe daktari hesabu kamili ya damu, aangalie eosinofili. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, mkimbize hospitali.